Mwanambuzi Aliyenukia Asumini

Twaiba alikuwa na mkono wa kutandika vitanda. Kwa miaka mingi aliyofanya kazi katika hoteli moja ya Diani alipanda kutoka ufagio hadi funguo, yaani kutoka kufagia vyumba hadi kuwakagua wanaofagia, na halikuwepo shuka lililompita likiwa na mkunjo. Ustadi wa namna hii humfikisha mtu mbali. Haumwandai kwa mbuzi.

Kuhama kwenyewe hakukuwa na staha. Mwenye nyumba aliyempangisha Ukunda, mtu mpole aliyezoea kumwita "dada" kila mwisho wa mwezi, aliamua ghafla kwamba nyumba ile sasa ni ya watalii, na watalii hao, kwa sababu ambazo hakuzieleza, walikuwa wanaingia wiki ile ile. Kwa hasira ya nyumba Twaiba akaacha na kazi, kama mtu ambaye ndala moja ikikatika huzitupa zote mbili. Akasema anakwenda kwenye shamba la marehemu babake, ndani huko nyuma ya Kombani, akapumzike. Neno hilo la kupumzika alilisema kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi, na baadaye alilijutia.

Pikapu iliyobeba vyombo vyake ilikwama kwenye utelezi kabla ya kufika. Dereva, kijana wa bara aitwaye Shem, aliitazama njia, akautazama mzigo, akasema, "Mathe, hapa ndio mwisho wa safari," kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha lipwa. Majirani wakatoka wakabeba vitu vichwani, mmoja mmoja, na kila kilichopita kilitolewa maoni. Kabati lenye kioo halikuingia mlangoni. Likabaki uani chini ya kipande cha turubai, na kila asubuhi jogoo wa jirani alikuja kupigana na jogoo aliyemkuta ndani yake, kisha akaondoka akiamini ameshinda.

Twaiba hakuweza kukaa. Alifagia uwanja mpaka mizizi ya mkorosho ikaonekana. Alifagia banda, akalimwagia maji ya dawa. Kuku aliowanunua Kombani siku ile ya kuhama walivumilia kiasi, halafu wakahamia kwa jirani, ambako uchafu ulikuwa wa kawaida. Mchana alisimama mlangoni akitazama njia kama anayengojea wageni wa zamu ya saa nane. Wageni hawakuja. Usingizi nao haukuja vizuri, kwa sababu kimya cha shamba kilikuwa na kelele nyingi ambazo yeye hakuwa na mamlaka juu yake.

Aliyemwonea huruma, au aliyetaka kumpima, ni jirani huyo mwenye jogoo, Bi Mwanatumu, mwanamke mzee mwenye ulimi uliokaa tayari muda wote. Alimletea mbuzi mwenye mimba amlishe. Mambo haya hayaandikwi. Mbuzi ni wa mwenyewe, mtoto wa kwanza ni wa mwenyewe, na anayefuata ni wa mlishaji. Mlishaji akishindwa, mwenye mbuzi huja na kamba na maneno ya adabu, "Nakupunguzia kazi, mwanangu," na toka hapo hakuna anayempa tena mtu huyo hata kifaranga amwangalizie. Anabaki mgeni mwenye nyumba. Twaiba aliyajua hayo tangu utotoni, na ndiyo maana alimtazama yule mbuzi kwa wasiwasi mkubwa kuliko alivyowahi kumtazama meneja yeyote.

Mbuzi alizaa asubuhi moja, jua limeshapanda, bila kumsumbua mtu. Twaiba alipoingia bandani alimkuta mwanambuzi chini, jike, mweusi mwenye kipaji cheupe, amefunikwa ute wa uzazi na vumbi, mamake akimlamba bila haraka. Mtu mwingine angerudi jikoni akanywa chai. Twaiba aliona kazi ambayo haijafanywa. Alipasha maji, akafungua kile kiboksi cha sabuni ndogo ndogo za asumini alizokuja nazo kutoka hotelini, akamwogesha mtoto toka pua hadi mkia, akamkausha kwa taulo jeupe, akamrudisha kwa mamake akiwa laini, anang'aa. Aliona fahari, ile ya kurudi nyuma hatua moja kutazama kitanda kilichotandikwa.

Mbuzi alimnusa mtoto. Akamnusa tena. Kisha akamrusha ukutani kwa pembe.

Kila mtoto aliposogea kunyonya, alipigwa. Hadi wakati wa adhuhuri alikuwa hasimami tena, mdomo wake umekuwa wa baridi. Twaiba aliingia na kutoka, akasogeza ndoo, akairudisha, akafagia alipokwisha fagia. Hatimaye akakubali kwenda kupiga hodi.

Bi Mwanatumu alikuja akijifuta mikono ya unga kwenye leso. Aliinama mlangoni mwa banda, akavuta pumzi, akanyooka.

"Huyu mtoto amekwenda harusini?"

"Nimemwogesha, bi."

"Umemwogesha," alirudia Bi Mwanatumu, kama mtu anayehakikisha habari ya msiba. "Kwa nini?"

"Alikuwa na ute mwili mzima."

"Na wewe ulipozaliwa ulitoka umepigwa pasi?"

Bi Mwanatumu alieleza, kwa sauti ambayo majirani wa mbali pia wangefaidika nayo, kwamba mbuzi hamjui mwanawe kwa uso. Anamjua kwa harufu, na hapa harufu ilikuwa ya watu wa Diani. Akaagiza chumvi. Wakampaka mwanambuzi chumvi mgongoni ili mama avutwe kulamba. Mama akaja, akailamba chumvi yote kwa utulivu na shukrani, alipomaliza akampiga mtoto kwa pembe.

"Huyu ana kiburi," alisema Bi Mwanatumu, ambaye hakupenda kushindwa hadharani. "Basi lipo moja. Umkalie. Umbane ukutani, umshike mguu wa nyuma, mtoto anyonye dang'a, haya maziwa ya kwanza mazito. Yakishampita tumboni atanuka maziwa ya mamake, atakubaliwa. Lakini ni kukaa, mwanangu. Si kuingia na kutoka."

"Kukaa mpaka lini?"

"Mpaka akubali." Akageuka kuondoka. "Alasiri nitakuja na kamba. Naona kazi zimekuwa nyingi kwako."

Alilisema hilo kwa upole mkubwa, ndiyo maana likauma.

Twaiba alikaa. Alikaa chini kwenye samadi, mgongo kwenye fito, bega kwenye ubavu wa mbuzi, mkono mmoja umeshika mguu na mwingine unaelekeza mdomo wa mwanambuzi kwenye chuchu. Mara ya kwanza mtoto hakuvuta. Mara ya pili alivuta kidogo, akapigwa teke, na teke likampata Twaiba kifuani. Akajipanga upya. Magoti yalimwasha kutaka kusimama. Aliona utando wa buibui pembeni. Aliona kamba ya mlango imefungwa vibaya. Akaona, kupitia upenyo wa fito, jogoo yule amerudi kwenye kioo, na hakuna wa kumfukuza.

Simu ililia mfukoni. Ilikuwa Jacinter, msichana wa Siaya aliyeachiwa funguo za hotelini.

"Madam, habari ya huko? Huku ni kubaya. Meneja anasema kama unaweza kurudi, urudi. Lakini anataka kujua sasa hivi, kuna mwingine anangoja."

"Sasa hivi siwezi, Jacinter. Nimemshika mbuzi."

"Umeshika nini?"

"Mbuzi."

"Si umwachilie tu, madam?"

"Nikimwachilia atampiga mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Twaiba alifungua kinywa aeleze, akaona maelezo ni marefu kuliko chaji ya simu. Chini ya mkono wake mwanambuzi alikuwa amepata chuchu, na mkia wake mdogo ulianza kutikisika. "Mwambie huyo mwingine aanze," alisema. Akaiweka simu chini, kwenye samadi. Mara akajiuliza amefanya nini, na hapakuwa na pa kukimbilia kwenda kujiuliza vizuri.

Alasiri Bi Mwanatumu alikuja, kamba begani, maneno ya adabu tayari mdomoni. Alisimama mlangoni. Twaiba alikuwa palepale, nywele zina manyasi, gauni halina rangi ya kutajika. Mkono wake ulikuwa umeuachia mguu wa mbuzi. Mbuzi aligeuza shingo, akamnusa mwanawe chini ya mkia, muda mrefu, kwa shaka ya askari wa kizuizi cha barabarani. Kisha akatoa mlio mdogo wa kooni, akaanza kulamba.

"Haya," alisema Bi Mwanatumu. "Sasa wa kuogeshwa ni wewe."

"Amekubali, bi?"

"Leo amekubali."

"Na kesho? Anaweza kubadili?"

"Anaweza. Hujawahi kuona mama?" Akaitundika kamba kwenye msumari wa mlango. "Naiacha hapa. Nitaipitia kesho, nikija kumtazama mtoto wangu."

Akaenda zake, akimkaripia jogoo wake njiani. Twaiba aliitazama ile kamba. Ilining'inia upande, ncha moja ndefu, nyingine fupi. Aliinyooshea mkono aisawazishe. Mbuzi akaguna, akaacha kulamba, akamtazama. Twaiba akaurudisha mkono taratibu, akauweka juu ya goti.