Nilimwambukiza Paka wa Mama

Wakati ule wa korona nilikuwa nauza mitumba soko la Kiboriloni, masweta na nguo za watoto. Kikohozi kilinianza siku ya soko, nami nikauza vivyo hivyo. Barakoa niliishusha kidevuni ili wateja wanisikie. Nilikuwa nakunjua sweta, nakohoa juu yake, kisha nampa mama wa watu ampimie mwanawe. Nilifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne miguu ilikataa kunibeba, nikaenda hospitali. Daktari akasema ni korona, lakini haijafika pabaya, nirudi nyumbani nikajitenge na watu.

Nikapanda kijijini Uru, kwa mama. Mjini nilikuwa na chumba changu mwenyewe, nimeambiwa nijitenge, nami nikamfuata mwanamke aliyepita miaka sabini kwa sababu nilitamani mtori wake, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Nikilikumbuka hilo mate hunijaa mdomoni, yale mate yanayotangulia kutapika.

Mama alinipa nyumba ya zamani, ile ya mabanzi iliyo nyuma ya zizi, ubavuni mwa ghala la kahawa. Chakula alikiweka kizingitini, akagonga, akarudi nyuma mpaka kwenye migomba kunisubiri nifungue.

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa, mama."

"Kunywa tena."

Aliyeingia ndani ni paka. Alikuwa paka wa ghala, jike mwenye mabaka meusi na meupe, kazi yake panya, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kumbeba. Alipita kwenye dirisha lisilo na kioo akifuata joto la blanketi. Nilimwacha. Siku ya pili alilala kifuani kwangu, ya tatu kwenye mto, uso wake kwenye pumzi yangu. Nilikuwa na homa na upweke, na yeye alikuwa kiumbe pekee asiyeniogopa. Nikinywa mtori nilimwachia nusu bakulini, naye akimaliza alilamba kijiko, na kijiko hicho nilikitumia tena. Makohozi nilikuwa nayatemea kwenye vipande vya khanga kuukuu, navitupa chini ya kitanda. Nilimwona akivinusa. Nilimwona akivilamba. Sikuinua hata mkono.

Pua yangu ilikuwa imeshaacha kunusa. Nilisugua jani la mkaratusi puani, nikaona kama nimesugua karatasi.

Baada ya siku kama sita paka akaanza kupiga chafya. Kisha macho yakamgandamana kwa tongotongo la njano, kamasi likamkaukia puani kama uji ulioungua kwenye sufuria. Udenda ulimtiririka mpaka manyoya ya kifuani yakashikana. Akipumua, tumbo lote lilipanda na kushuka. Aliacha kula, akaingia chini ya kitanda. Nilidhani amelala tu.

Kaka yangu mkubwa, aliyejenga humohumo kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, alikuja asubuhi moja kunijulia hali. Mama alikuwa ameanza kukohoa usiku uliopita, na kaka alikuja akiwa na hasira tayari. Alisukuma mlango kwa mguu, akaingia hatua moja, akageuka, akatapikia nje kwenye shina la mgomba.

"Mungu wangu! Unalalaje humu wewe?"

"Kuna nini?"

"Kuna nini? Husikii harufu?"

Niliinama nikachungulia chini ya kitanda. Paka alikuwa ametapika na kuharisha juu ya vile vitambaa vyangu, mara nyingi, mengine yameshakauka na mengine bado mabichi, na nzi walikuwa juu ya uchafu huo wengi kiasi kwamba rundo lilionekana linatembea. Kona ya godoro langu ilikuwa imelowa. Sijui nililala juu ya uozo huo siku ngapi, nikinywa mtori, bakuli likiwa pajani.

Kaka alimtazama paka, akanitazama mimi. "Ndiye huyu aliyeleta ugonjwa," akasema. "Anakula panya wa kila mahali, anakuja kukulalia. Sasa mama naye anakohoa."

Mimi nilikuwa najua. Hakuna aliyejua vizuri kuliko mimi nilianza kukohoa wapi na lini. Nikanyamaza, na ukimya ule ulikuwa na ladha, ingawa wakati huo ulimi wangu haukuwa unaonja chochote.

Habari ilizunguka kabla ya saa nne. Majirani wawili walisimama nje ya uzio wa masale, khanga zimeziba pua. Mmoja alisema hata yeye paka yule alishapita jikoni kwake. Mwingine, mzee wa kanisa, alisema kama ni mnyama basi aondolewe, watu wapone. Kaka alileta kiroba. Paka hakuwa na nguvu ya kukwaruza. Kaka alimshika kwa kipande cha gunia, akamtumbukiza, akafunga mdomo wa kiroba kwa kamba ya mgomba ili akamtupe korongoni. Nilikuwa mlangoni, nimejifunika blanketi, nikaona kiroba kikitikisika kwa chafya.

Ng'ombe wa mama alikuwa na uvimbe kwenye kiwele, na bwana mifugo alikuwa ameahidi kuja asubuhi ile. Alifika kwa pikipiki, akamwamkia mama aliyekuwa ameketi barazani na shuka mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinisogelee."

Akauliza kiroba kina nini. Kaka akaeleza, sauti juu, kwamba paka ameambukiza watu wawili. Bwana mifugo akavaa barakoa yake vizuri kabla ya kujibu.

"Nani aliugua kwanza?"

Kaka alitazama kiroba.

"Nauliza tena. Kati ya paka na watu, nani alikohoa kwanza?"

"Mimi," nikasema. "Nilianza sokoni. Nilikuja hapa nikiwa naumwa. Mama nimemwambukiza mimi. Na paka pia, nadhani."

Jirani mmoja alitema mate chini akaondoka. Sikumlaumu, nami ningetema.

Bwana mifugo alisema imeshaonekana kwamba watu huwaambukiza paka na mbwa wanaolala nao. Kwa huyu hawezi kuapa, kwa sababu hana kipimo, lakini kumtupa hakutamponya mama. Akasema afungiwe ghalani peke yake, apewe maji na maziwa, asafishwe macho kwa maji ya chumvi, na anayemsafisha avae barakoa na anawe.

"Nani atamsafisha?" kaka akauliza.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kukipokea kiroba.

Nilimsafisha siku kumi na moja. Tongotongo lilitoka na kope. Kamasi lilining'inia vidoleni. Mara mbili nilitapika mwenyewe, nikafuta, nikaendelea. Paka alinitazama bila kunitambua, na nilipomaliza alijisogeza mbali nami, ukutani.

Pua yangu ilirudi ghafla, mchana, nikiwa nimeketi kitandani. Harufu ya kwanza ilikuwa ya godoro lile. Nilikuwa nimelisugua kwa sabuni na kulianika, nikalala juu yake tena nikiamini limetakata. Nilikimbia nje nikaanguka kwa magoti kwenye mbolea ya ng'ombe, na mbolea ikanukia vizuri kuliko kitanda changu. Jioni hiyo nililiburuta hadi nyuma ya miti ya kahawa nikalichoma.

Paka alipona, ila akipumua unasikia filimbi nyembamba puani. Mama alikohoa karibu miezi miwili. Siku moja nilimwomba msamaha tukiwa tunamenya ndizi, nikamsimulia yote tangu sokoni. Aliendelea kumenya.

"Sweta zile," akasema mwishowe. "Wale watoto waliopimiwa. Uliwahi kuwaulizia?"

Nikamwambia sikuwahi.

Akasogeza beseni lake la ndizi upande wake, akamenya peke yake.