Hatua Kumi za Adungosi

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Malaba, mkuu wa idara ya hisabati alinipa chaki na onyo. "Mwalimu, hawa watoto wa mpakani wanazaliwa wakijua biashara. Aljebra wataona ni maringo tu." Nilicheka. Enzi hizo nilikuwa nacheka ovyo.

Mada niliyoipenda kuliko zote ni tofauti ya miraba. Nyinyi mnaobonyeza simu mkapata jibu, sikilizeni kidogo. Una mabano mawili, (a + b) na (a − b). Ukiyazidisha, ab ya kujumlisha na ab ya kutoa zinafutana, kinabaki a mraba toa b mraba. Nilipohamishiwa Bumala niliifundisha kwa kukata maboksi. Adungosi, shule yangu ya tatu, nilitoa darasa nje tukapima uwanja kwa hatua.

Huko ndiko nilikomfundisha msichana mmoja, Amoit. Baba yake alikuwa amefariki, akawaachia shamba la mraba, hatua arobaini kila upande. Baba yake mdogo, ambaye shamba lake lilipakana na lao, alitaka mipaka inyooshwe. Akamwambia mama Amoit, "Urefu nakuongeza hatua kumi, upana napunguza kumi. Si ni kitu moja?" Wazee wakaitikia kuwa ni kitu kimoja. Makonge ya mpaka yakaanza kung'olewa.

Amoit akanijia. "Mwalimu, hii si ile ya mabano? Arobaini mara arobaini ni elfu moja mia sita. Hamsini mara thelathini ni elfu moja mia tano. Tunapoteza mia moja."

Alikuwa sahihi kabisa. Kipande cha kumi kwa kumi kilikuwa kinakwenda, na mama yake alikuwa anashukuru.

Tulienda kwa baraza ya naibu chifu. Msichana akachora chini kwa kijiti, akaeleza bila kutetemeka, nami nikasimama kumuunga mkono. Mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu, wewe si wa hapa. Mambo ya ubao wacha kwa ubao." Naibu chifu akafunga: "Kumi imeingia, kumi imetoka. Tumemaliza."

Haukupita muda mwalimu mkuu akaniita ofisini. "Umeajiriwa kufundisha, si kugawa mashamba." Nikapelekwa Osieko, kule ziwani, nikafundisha huko mpaka nikastaafu. Mada ile niliifundisha kila mwaka, ila sikupeleka mtu uwanjani tena. Hasira ile bado ninayo, siwafichi.

Juzi nilirudi Adungosi kumzika mama Amoit. Boma limebanana, kaburi likachimbwa karibu kabisa na makonge ya mpaka mpya. Waliobeba jeneza hawakuwa na pa kugeukia, wakakanyaga mihogo ya baba mdogo, ng'ambo ya mpaka. Akawagombeza papo hapo, mbele ya maiti.

Baada ya watu kutawanyika Amoit alikuja kunisalimia. Sasa ni mama wa watoto wakubwa. Tukasimama tukiitazama ile mihogo iliyolala.

"Mwalimu, ile jibu yangu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, Amoit."

"Hakuna mahali nilikosea?"

"Hakuna."

Akapangusa udongo mikononi. "Sasa mbona tulianguka?"

Nimefundisha maisha yangu yote, na kila mwanafunzi aliyeniuliza alipokosea nilimwonyesha. Huyu nilimshika mkono tu, tukasubiri boda boda yangu ifike.