Tezi Iliyoninyima Utulivu

Msimu ule mpunga ulipokubali kule Ipyana, mimi sikuweza kukaa. Nikiketi kupepeta, nainuka. Nikishainuka, nasahau nilichoinukia. Mwanzoni mama mkwe alinisifu. "Mke wa mwanangu hachoki," aliwaambia majirani, nami nikacheka, huku moyo ukinidunda kama nimetoka kukimbizwa na ng'ombe.

Kisha sifa zikaisha. Nilikula kuliko mume wangu, lakini magauni yalining'inia mwilini. Jasho lilinitoka hata mvua ikinyesha. Mikono ilitetemeka mpaka nikaacha kuwamiminia wageni chai. Macho yakanitoka, na watu wakaanza kunong'ona. Kwenye zahanati nilipimwa malaria, nikapimwa na ule ugonjwa ambao majirani walikuwa wamekwisha kunipa. Vyote sina. Wifi yangu, mfanyabiashara wa vitenge anayevuka mpaka kwenda Malawi, akaja na habari za mganga wa ng'ambo.

"Umetupiwa kitu, wifi," alisema.

Mume wangu aliendelea kunoa jembe lake. Hilo liliniudhi kuliko maneno ya wifi. Nikatoka nje, nikaanza kufagia uwanja ambao tayari ulikuwa safi.

Aliyekata shauri ni baba mkwe. Kwa mila ya Kinyakyusa ya zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemeshani. Wengi wameiacha, yeye bado aliishika, na tangu niolewe hakuwahi kunisemesha. Jioni hiyo alisimama nyuma ya ukuta wa jiko, akakohoa.

"Mwambieni mke wa mwanangu asikilize," alisema, ingawa jikoni nilikuwa peke yangu. "Dada yangu alikuwa hivi hivi. Macho haya haya, kuhangaika huku huku. Tukasema ni wazimu, tukamfungia ndani. Alikufa shingo imevimba, wala hatukuiangalia. Apelekwe hospitali."

Nilijishika shingo. Kweli palikuwa na kitu, kinapanda na kushuka kila nikimeza mate. Sikupaswa kumjibu, lakini siku hizo hata ulimi wangu haukutulia.

"Ndaga, tata," nilisema. Asante, baba. Nikasikia hatua zake zikiondoka upesi.

Hospitali ya wilaya walinipa rufaa ya Mbeya, kwenye kliniki ya magonjwa ya homoni, nikaenda na mume wangu. Huko baridi inauma. Wenzangu kwenye benchi walijifunika mashuka na masweta, mimi najipepea kwa kadi. Daktari, mwanamke wa makamo, aliniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Ikacheza. Wakanitoa damu, tukaambiwa tusubiri majibu, nami nikapita na kurudi kwenye ujia mpaka mlinzi akanisimamisha.

"Mama, umepotelewa na mtu?"

"Hapana, baba. Nasubiri majibu."

Majibu yalipotoka daktari aliniketisha. "Si wazimu, wala hujatupiwa kitu. Hii tezi ya shingoni inatoa homoni kupita kiasi, ndiyo inaukimbiza mwili."

Nililia. Mume wangu akauliza, "Na shangazi yangu, angepona?"

Daktari alimtazama. "Huenda. Lakini huyu tumemwahi."

Nilipewa vidonge vya kupunguza homoni, na vingine vya kutuliza mapigo ya moyo. Daktari akanionya nisiache hata nikijiona mzima, na nikipata homa au koo likiuma, nikimbilie hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa hizo huweza kushusha kinga ya mwili.

Moyo ulipunguza mbio taratibu. Mwili ukarudi, na majirani wakahamia kwa mwingine. Lakini bado usiku moyo ukishtuka kidogo naamka, napapasa shingo, nahesabu mapigo. Kliniki iliyopita niliingia peke yangu, na daktari alitaja upasuaji, endapo tezi itakaidi dawa. Mume wangu anasema tungoje tuone. Mimi kungoja siwezi. Nimemwambia safari hii ataingia nami ndani, na maswali nitauliza mwenyewe.