Kiti Changu Nyuma ya Mlango wa Mwalimu

Mwanangu, mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimechimba visima kuanzia Kiegei mpaka Malolo kwa sururu na ndoo, nimefukiwa na udongo nikatoka mwenyewe, nimenunua lori bovu nikalitengeneza mpaka likaenda Dar na ufuta likarudi. Nyumba hii unayoiona nimeijenga bila kumwomba mtu msumari. Shule yangu ni darasa la tatu, nalo sikulimaliza. Nilipokuwa bado na nguvu zangu zote niliamini kwamba hakuna jipya ambalo dunia ingeweza kuniletea mlangoni.

Basi nakumbuka jioni moja, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, Somoe, binti wa dada yangu Fatu, amemaliza kidato cha sita na yuko hapa Ruangwa anangoja kwenda ualimu, maana nafasi alishaipata. Akaja kunisalimia, akakaa mkekani, akasema ualimu hautaki. Anataka kusomea uhandisi wa mazingira.

"Kufagia nako siku hizi kunataka chuo kikuu?" nikamuuliza.

"Siyo kufagia, mjomba. Ni maji ya kunywa, ni vyoo, ni majitaka na takataka, vyote vinakwenda wapi. Kile kisima chako cha Kiegei, watu walikiacha kwa nini?"

"Maji yaliharibika."

"Yaliharibikaje?"

Hapo nikaagiza chai.

Sasa, kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Baba yake yupo na tunamheshimu, lakini neno la mwisho linatoka kwa kaka wa mama. Nikalitoa palepale: aende, ada nitaona mwenyewe. Nilidhani chuo kikuu ni kama mnada, ukiwa na hela mfukoni unaingia. Somoe akatabasamu kwa huzuni. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa zake. Uhandisi ule una sifa zake za kuingilia. Lazima uwe umefaulu hesabu na fizikia za kidato cha sita, na kufaulu kwenyewe kuwe kwa kiwango kamili, siyo kwa kubahatisha. Yeye alikuwa amesoma kemia, baiolojia na jiografia, kwa sababu shule aliyopangiwa haikuwa na mwalimu wa hesabu kwa madarasa yale. Kemia alikuwa nayo, tena nzuri. Hizo mbili hakuwa nazo. Ilibaki njia moja: ajifunze hapahapa nyumbani, kisha afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akishindwa, na ile nafasi ya ualimu atakuwa ameshaipoteza.

Nikauliza kila mahali nani anayajua masomo hayo mawili. Nikaonyeshwa kijana mmoja, Mwalimu Komba, amepangiwa sekondari hapa mjini, anaishi chumba kimoja cha kupanga. Nikamfuata na bahasha. Akairudisha.

"Mzee, tangu nifike huku hakuna aliyeniuliza swali la hesabu za juu," akasema. "Nimeanza kuzisahau. Mlete."

Kumbe ubao wake ulikuwa mlango wa chumba. Upande wa ndani alikuwa ameupaka rangi nyeusi, anaandika kwa chaki. Ili uone maandishi, mlango lazima ufungwe. Nilipomweleza dada, akaweka chini ungo wake.

"Ufungwe? Na mwanangu ndani? Na huyo mwalimu ana mke?"

"Hana."

"Kaka, una akili wewe?"

"Nitamnunulia ubao, watasomea uani."

"Uani wanatwanga wapangaji wote. Na hata ukinunua ubao, kapera ni yuleyule." Akauokota ungo wake. "Ada ya mtihani nitalipa mimi kwa ufuta wangu. Wewe mjomba mtu kazi yako ni kukaa naye."

Ndivyo mimi, mwenye lori, mwenye vibarua, nilivyoingia darasani. Kila alasiri nilikuwa mlemle chumbani, nyuma ya ule mlango uliofungwa, kwenye kiti cha plastiki cha mwalimu, nasikiliza mambo ya mstari unaopinda na mawe yanayoanguka. Kiti hicho hakikutengenezwa kwa mwili kama wangu. Siku za mwanzo tu mguu ulipasuka, Mwalimu Komba akaufunga kwa waya. Kikawa kinalia kila nikisinzia, nao wananicheka. Mtaani wakaniita Fomu Siksi. Nikawaambia wao hata hilo jina hawawezi kulipata.

Lakini siku moja mwalimu alimpa Somoe jaribio la fizikia, akalisahihisha mbele yetu. Hakupata swali hata moja. Binti akafunga daftari lake polepole, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mwalimu, nakushukuru. Mjomba, twende nyumbani. Kesho nitapanda gari, nikaulize kama nafasi ya ualimu bado ipo."

"Kwa jaribio moja tu?"

"Si wewe mwenyewe unasema kila siku kwamba shule uliikimbia darasa la tatu, na hujapungukiwa kitu?"

Alilisema bila ubaya. Na kweli nilikuwa nalisema. Nimelisema harusini, nimelisema sokoni, watu wanacheka na mimi nacheka nao. Alikua akilisikia tangu yuko mgongoni kwa mama yake.

Nikasimama nikaegemea ule mlango. Koti langu likafuta nusu ya hesabu za mwalimu.

"Sikuikimbia," nikamwambia.

Nikamsimulia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Nilikuwa shule kule Mnero, nimeitwa mbele ubaoni kujumlisha, nimeshika chaki. Mjomba wangu akasimama mlangoni akaniita kwa kidole. Mahindi yalikuwa yanakomaa, nyani wanaingia shambani, akataka mtoto wa kulinda. Alisema ni mpaka mavuno tu. Mavuno yakafika, yakapita, hakuna aliyenirudisha, na mimi niliona aibu kuuliza. Ile chaki niliondoka nayo. Nilikaa nayo mfukoni shambani mpaka mvua ikaiyeyusha.

"Mimi ni mjomba niliyesimama mlangoni," nikamwambia Somoe, "lakini sikuja kukutoa. Ukitaka kutoka, utanisukuma mwenyewe, na unaniona nilivyo mzito."

Akainama. Alilia kidogo, akajifuta kwa khanga. Mwalimu Komba aliniomba nisogee, akaandika upya pale nilipofuta.

"Turudie la kwanza," akasema.

Nikakaa. Kiti kikalia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alifaulu zote mbili, mwanangu. Leo ni mhandisi. Alipokuja likizo alinipeleka Kiegei, akanionyesha choo kilichokuwa upande wa juu wa kisima changu na jinsi maji ya chini ya ardhi yalivyokuwa yakishuka. Nikakifukia kisima kwa mikono yangu, nikachimba kingine alipoelekeza. Hicho kinanywewa mpaka leo.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama unataka kusomea jambo, uliza mapema mlango wake unataka masomo gani. Uliza ukiwa kidato cha nne, kabla hujapangiwa shule. Na ukikuta umechagua sivyo, rudi nyuma uyasome yanayotakiwa, usione haya kuchelewa. Nanyi wenzangu wenye watoto wa dada, acheni kujisifia kutosoma mbele yao. Wanatuamini. Tafuteni kiti mkae nao. Mungu akufungulie, mwanangu, akupe mtu wa kukaa nyuma ya mlango wako mpaka umalize, na siku moja ukae nyuma ya mlango wa mwingine.

Watu hapa Ruangwa wanadhani mhandisi yule alinimalizia mali. Ada ya mtihani alilipa mama yake, na chuoni alisoma kwa mkopo. Mimi nilimnunulia Mwalimu Komba kiti kipya. Mwenye duka alitaka elfu saba, nikampa elfu sita na mia tano.