Deni la Mapazia Ambalo Fundi Alikataa Kulipwa

Mtaani tunamwita Mama Pini, kwa sababu anaongea na pini mdomoni na bado unamwelewa. Ni fundi cherehani. Aliwahi kushona mapazia ya ukumbi wa shule moja ya binafsi, ile ya kujisifu kwa ufaulu. Hakulipwa. Hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni la getini.

Asubuhi ya mtihani wa taifa bintiye alizuiwa kuingia. Jina halipo. Mwenye shule, tumwite Mkurugenzi, akatoka na tai yake akasema mbele ya wazazi wote: "Huyu nimemtoa mwenyewe. Kichwa tofali. Angetuangushia shule."

Watu wakacheka, majirani wakiwemo. Tangu hapo binti akawa Tofali. Dukani Tofali, bombani Tofali. Akaacha hata kutoka nje.

Baadaye shule ikafa kwa madeni, Mkurugenzi akakimbilia mahakamani atangazwe mufilisi. Alidhani ndiyo kaponea hapo. Kumbe mufilisi naye ana mtihani wake: anaapishwa, anahojiwa hadharani, na yeyote anayemdai, hata hela ya soda, anaruhusiwa kumuuliza maswali. Majibu yanaandikwa, na yeye anatia sahihi.

Karani wa mahakama, mteja wa Mama Pini, ndiye aliyemwambia hayo akipimwa suruali. Mama Pini akaenda kuandikisha deni la mapazia, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaalika wote waliocheka getini.

Mkurugenzi si mjinga. Akamtuma shemeji yake kibandani na bahasha.

"Dada, pole kwa usumbufu. Hela yako hii, yote, na nyongeza juu."

"Rudi nayo, shemeji."

"Unakataa hela, na kodi ya kibanda hujalipa?"

"Nikipokea nitakuwa namdai nini?"

"Si ndiyo tunataka yaishe, mama."

"Yakiisha nitamuuliza kwa tiketi gani? Sogea, unaniziba mwanga."

Mtaniambia kisasi si kizuri. Haya, kaeni na uzuri wenu.

Siku ya kuhojiwa mabenchi yalijaa. Binti alikaa mbele, kajifunga mtandio hadi kwenye nyusi. Mawakili wa benki wakauliza ya majengo na magari, watu wakapiga miayo. Kisha akasimama Mama Pini.

"Mkurugenzi, ada ya mtihani ya binti yangu ulipokea?"

"Nilipokea."

"Ukaipeleka wapi?"

Wakili wake akaruka kupinga, kwamba hayo ni mambo ya shule. Msajili aliyeongoza kikao akasema fedha ni fedha, ajibu. Mkurugenzi akamgeukia wakili.

"Usimtazame mwenzako," alisema Mama Pini. "Kila mtu na karatasi yake."

Mabenchi yakacheka. Safari hii kicheko kilielekea kwingine.

"Nilitengeneza gari," alisema Mkurugenzi.

"Kwa hiyo jina la mtoto hukulipeleka."

"Sikulipeleka."

"Kwa sababu alikuwa mzito?"

"Hapana."

"Sauti, baba. Pale getini ulikuwa nayo."

"Hakuwa mzito. Alikuwa anafanya vizuri. Nilisema vile kwa sababu hela sikuwa nayo."

Karani akamsomea majibu kabla ya kusaini. Mama Pini akaomba la mwisho lirudiwe, eti masikio yake siku hizi hayasikii vizuri. Likarudiwa. Wakati likisomwa hakumtazama Mkurugenzi. Aliwatazama majirani, mmoja mmoja, hadi mwenye duka akainamia viatu vyake.

Kikao kikaahirishwa. Koridoni Mkurugenzi akamfuata, jasho limemlowesha kola.

"Mama, nimeshasema. Umeniaibisha mbele ya mji mzima. Chukua basi hela yako tumalizane."

"Kikao kijacho nitakuuliza ya wale wanafunzi wenzake wanne, ambao nao ulikula ada zao."

Kwenye ngazi binti alikuwa akishuka katikati ya majirani, taratibu kabisa, mtandio uko mabegani. Hakuna aliyethubutu kumpita.