Mkono wa Trizah

Kavata alianza kuiogopa safari ya Malindi siku ile ile aliyoikubali. Kabla ya hapo yalikuwa maneno ya mumewe tu. Mumewe huyo ni dereva wa lori la chumvi, na kila shule zikifungwa huwaahidi watoto kwamba mwaka huu atawapeleka mjini, walale huko usiku mmoja, wale, wacheze, warudi. Desemba hii aliomba ruhusa kweli, akapewa. Halafu, zikiwa zimebaki siku nne, akapigiwa simu: dereva mwenzake ameugua, na lori la Eldoret halina wa kuliendesha.

"Nenda nao wewe," alimwambia mkewe huku akikunja nguo zake. "Malindi si mbali. Na hawa wameshatangaza Gongoni nzima."

"Nitaenda," alisema Kavata, na papo hapo hofu ikaanza.

Hakuwa mwoga wa kila kitu. Miaka tisa alikuwa akifunga chumvi kiwandani, vidole vikipasuka, vikipona, vikipasuka tena. Aliwahi kumtoa nyoka chumbani kwa mwiko wa ugali. Lakini watu wakijaa mahali, na mtoto yuko kati yao, mwili wake haukumtii. Hilo lilimwanzia kwao Mwingi, sokoni, alipokuwa na miaka minane. Mama yake alimwachia mdogo wake Ngui, mtoto wa miaka mitatu, akaenda kupimiwa maharagwe. Kavata akageuka kidogo kumtazama muuza vioo. Aliporudisha macho, Ngui hayupo. Alipatikana siku ya tatu, ng'ambo ya mto mkavu, kwa bibi mmoja aliyemwokota njiani akiwa na homa kali na miguu iliyochubuka. Leo Ngui ni fundi wa magari Machakos, ana ndevu na mke, na hakumbuki lolote. Kavata anakumbuka yote.

Kwa hiyo alijipanga. Alichukua karatasi akaandika saa kwa saa: kuondoka, kufika, nguzo ya Vasco da Gama, makumbusho, mbuga ya nyoka, soko la nguo, gati, bembea za watoto. Aliona kwamba siku ikijazwa hivyo, hapatakuwa na upenyo wa baya kuingia. Kisha akazichukua nguo za watoto, akazipeleka kwa jirani yake Bi Mwanasiti, mshonaji, mama wa makamo aliyehamia Gongoni kutoka Faza.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti."

"Marahaba, mwanangu. Wendaje na fuko lote hilo?"

"Nataka unishonee namba yangu ya simu. Kwenye kola ya Tevin, na kwenye pindo la gauni la Trizah."

Bi Mwanasiti alimtazama juu ya miwani. Akaitia uzi sindano. Lakini ile karatasi ilipoanguka kutoka katika fuko, aliiokota akaisoma hadi chini.

"Hii ni matembezi ama ni ziara ya waziri?" alisema. "Wa miaka minne huyu, wa miaka saba huyu. Utawakokota juani, walie, nawe ulie. Mtoto haonyeshwi mji mzima kwa siku moja. Huonyeshwa kidogo, akalala, akaonyeshwa tena. Waulize wenyewe wanataka nini."

Tevin alitaka kuona ndege ikipaa. Trizah alitaka aiskrimu ya rangi mbili. Bi Mwanasiti akaongeza la tatu: Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, wakachezee mchanga ufukweni. Kavata alitaka kukataa, maana aliiogopa bahari kama anavyoiogopa mtu aliyekulia kwenye maji ya mitungi, lakini watoto walikuwa wameshasikia. Mahali pa kulala hapakuwa tatizo. Dada yake Bi Mwanasiti, Bi Zainab, anaishi Shela, katika Malindi ya zamani, naye angewapokea kama wajukuu.

Jumamosi saa nne walikuwa wamefika. Bi Zainab aliwapokea mlangoni, akawapa juisi ya ukwaju, akawaambia viatu wavue na haraka pia waivue. Trizah akajimwagia juisi kifuani. Bi Zainab akalifua lile gauni saa ile ile, akamvika la mjukuu wake, la manjano lenye vifungo mgongoni. Kavata aliliona gauni lenye namba likining'inia kwenye kamba, linachuruzika maji. Akataka kusema neno. Akaona haya.

Walilala mchana. Saa tisa na nusu wakachukua tuktuk hadi kwenye uzio wa uwanja wa ndege, dereva akakubali kuwangoja. Walisimama pale, Tevin ameng'ang'ania waya kwa vidole vyote, mpaka ndege ndogo nyeupe ikaja ikikimbia, ikainua pua, ikaondoka. Tevin hakupiga kelele kama alivyotarajia mama yake. Alinong'ona tu, "Magurudumu yanaingia ndani." Trizah naye akaipungia mkono mpaka ikapotelea mawinguni. Kavata akajikuta anacheka. Kwa nusu saa nzima alikuwa amesahau kuogopa.

Tuktuk ile ile ikawashusha kwenye duka la aiskrimu. Trizah hakutaka kushuka. Alitaka warudi kule kwenye ndege, akalia, akabebwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, na mtaa ulikuwa umefurika: mifuko, pikipiki, wageni, watu wa bara walioshuka kwa likizo. Kavata aliuona umati ule, akamgeukia mwanawe.

"Tevin, mshike dada yako mkono. Usimwachie."

"Nimemshika, mama."

Aligeukia kaunta. Akaonyesha rangi mbili, akalipa, akapokea vikombe viwili, akampa Tevin kimoja. Akangoja chenji, kisha akainama na cha pili.

"Trizah yuko wapi?"

Tevin alikuwa na kikombe mkono mmoja na kijiko mkono wa pili. Alitazama upande wake wa kulia, akatazama kushoto. Mdomo wake ulikuwa na rangi ya waridi.

Kikombe cha pili kilianguka. Kavata hakukisikia. Alichosikia ni masikio yake mwenyewe yakivuma. Alitoka nje, akatazama juu ya mtaa na chini ya mtaa, na kila mtoto mwenye nguo ya manjano hakuwa wake. Upande mmoja soko. Upande wa pili mtaa unateremka baharini. Akienda sokoni na mtoto ameshuka baharini, je? Akishuka baharini na mtu amemshika mkono anampeleka stendi, je? Aliita "Trizah!" mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aje kula. Mara ya pili sauti haikuwa yake. Watu wakageuka. Akakumbuka pindo lenye namba, likining'inia kwenye kamba ya Bi Zainab.

Akamshika Tevin bega, akamtikisa.

"Nilikupa mkono wake!" alimwambia. "Nilikupa mkono wake!"

Ni maneno ya mama yake. Siku ile Mwingi mama hakumchapa wala hakumtukana. Alimwambia hayo tu, kwa Kikamba, na hakuyarudia tena maishani, na Kavata amekaa nayo miaka ishirini na sita. Sasa yametoka kinywani mwake yakiwa mazima.

Tevin hakulia. Alisimama wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Kisha kaptula yake ikaanza kulowa, maji yakamshuka mguuni hadi kwenye kiatu, naye akawa anatazama kiatu hicho.

Kavata akaona. Kila dakika iliyopita ilikuwa inampeleka Trizah mbali zaidi, hata hivyo alipiga magoti pale pale, kwenye aiskrimu iliyomwagika.

"Tevin. Mwanangu. Nimekosea mimi. Mimi ndiye mama, mimi ndiye wa kumshika. Umesikia? Si wewe." Alimfuta mdomo kwa leso. "Sasa nisaidie. Alisema nini mara ya mwisho?"

Mtoto aliacha kukitazama kiatu. "Alisema anarudi kule kwenye ndege."

"Akaenda wapi?"

"Kwa tuktuk. Ile yetu. Nilidhani anatania."

Kavata aliinua macho. Pale ilipokuwa imeegeshwa, hapakuwa na kitu. Hofu aliyokuwa nayo, aliyodhani imefika mwisho wake, ikapata mahali pengine pa kwenda. Mtoto aliyepotea mtaani huzunguka mtaa. Mtoto aliyepakiwa katika gari anaweza kuwa popote. Dereva alikuwa mtu wa sura gani? Alikuwa na kofia? Alimlipa, akamshukuru, na hakuutazama uso wake hata mara moja.

"Imeandikwa nyuma," Tevin alisema. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma, na siku hizo hakuna bango lililompita. "S, U, B, I. Subira. Subira Njema."

Kituo cha tuktuk kilikuwa hatua arobaini kutoka pale. Kavata alifika akihema, anamburura Tevin. Ni Tevin aliyesema. Madereva watatu walisimama kwa pamoja.

"Subira Njema ni ya Jefwa," alisema mmoja, mtu mnene aliyekuwa anakula korosho. "Mama, tulia. Jefwa twamjua, na kwao twakujua." Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika.

"Mbona hashiki?" Kavata aliuliza.

"Akiendesha hashiki. Ndiyo tabia yake."

"Na kama..."

"Usiseme, mama. Usilitamke."

Dereva wa pili akawasha chombo chake kufuata njia ya Ganda, maana Jefwa alionekana akipakia abiria wa huko. Wa tatu akashuka ufukweni kwa miguu, bila kuombwa. Kavata akabaki amesimama na mtoto wake mwenye kaptula mbichi, mkono wake umemfunga kifuani, na moyo wake aliusikia ukipiga mgongoni mwa Tevin. Alijaribu kusali, akakuta sala imekwisha kwenye neno la kwanza. Alasiri ilikuwa inaelekea kuisha, vivuli vya nyumba vimevuka barabara. Akilini alimwona mumewe akipokea simu mahali fulani njiani kwenda Eldoret. Alimwona mama yake.

Simu ikalia. Yule mnene akasikiliza, akasema, "Eeh. Eeh. Njano. Eeh," kisha akakaa kitako juu ya jiwe. "Yuko," alisema. "Yuko, anakuja naye."

Kavata hakuamini hadi alipoiona. Subira Njema ilikuja polepole, taa zinawaka mchana, na kwenye kiti cha nyuma alikaa mama mzee wa Kigiriama, Mama Kahonzi, na mapajani mwake Trizah, mzima, anakula ndizi.

"Mwanao huyu!" Mama Kahonzi alianza kabla chombo hakijasimama. "Nimepanda na magunia yangu, nimekaa, tumekwenda mpaka karibu na Ganda, mara nasikia nyuma ya shingo sauti yauliza, 'Ndege iko wapi?' Nikapiga ukelele, huyu kijana nusura atutie mtaroni! Nikadhani ni pepo. Kumbe kajibana kule nyuma ya kiti, penye mizigo, kalala."

Jefwa alikuwa ameshuka, amevua kofia. "Mama, wallahi sikumwona. Sikutazama nyuma."

"Mimi pia sikutazama," alisema Kavata. Alimchukua Trizah, akamnusa kichwani. Alikaa chini, kando ya barabara, na watoto wote wawili juu yake. Mama Kahonzi akasimama mbele yao ametanua leso aliyokuwa amejitanda, awakinge na macho ya watu.

Jioni ile, baada ya watoto kuogeshwa, Kavata alimsimulia Bi Zainab yaliyotokea, akamwambia kwamba alfajiri wanarudi Gongoni. Bi Zainab hakubishana. Alisema tu, "Ukirudi sasa, mtoto wa kiume ataamini ni yeye aliyeivunja safari." Kavata akamtazama Tevin. Tangu warudi alikuwa amekaa ukutani, viganja amevificha makwapani. Trizah alimwendea mara mbili ili wacheze, naye akampa kisogo.

Asubuhi walikwenda ufukweni. Kavata aliogopa njia nzima. Aliogopa maji, aliogopa mbwa, aliogopa wale vijana wanaokimbiza mpira. Alifunga leso kiunoni, akaingia hadi vifundoni akiwa amemshika Trizah, na Tevin akabaki juu, mchangani, akichimba peke yake. Kavata hakumwita. Baada ya muda alimleta dadake, wakakaa karibu naye, si karibu sana.

"Nilipokuwa mkubwa kidogo kuliko wewe," alimwambia, "nilimpoteza mjomba Ngui sokoni."

Tevin akaacha kuchimba. "Ulipigwa?"

"La. Niliambiwa maneno. Yale niliyokuambia jana. Hayakuwa maneno mazuri, na hayakuwa ya kweli."

Mtoto alifikiri. "Alipatikana?"

"Si unamjua? Ndiye aliyekutengenezea baiskeli."

Tevin akarudi kuchimba. Walikaa mpaka jua likawafukuza.

Walifika Gongoni alasiri. Simu ililia Trizah akiwa ameshalala. Ni mumewe, amepaki lori Nakuru, anataka habari za matembezi. Kavata alijua angeweza kusema "tumefurahi" na ikawa basi. Tevin aliomba simu kwanza. Alimweleza baba yake habari za ndege kwa urefu: rangi yake, mlio wake, namna ilivyoinua pua, magurudumu yalivyoingia tumboni. Mengine hayakumtoka. Alipomaliza, alimrudishia mama yake simu, akasimama pale pale, akimtazama.

Kavata akatoka nayo uani, akavuta pumzi.

"Baba Tevin," alisema. "Kuna jambo nililomfanyia mtoto. Nisikilize mpaka mwisho, usinikate."