Naima, Mteja Mpya

Naima alikuwa mkaanga samaki pale Kunduchi tangu usichana wake, kutwa nzima kasimama mbele ya karai. Lori la mchanga lilipomkanyaga, madaktari wakaukata mguu wake wa kushoto chini ya goti. Mdogo wake, Hija, ndiye aliyesikia habari za karakana moja huko Tabata iliyouza miguu ya bandia kwa bei nafuu. Wafadhili walimalizia gharama ya kila mguu uliotoka.

Naima akavishwa wake, akapigwa picha, akarudi kwenye karai lake. Majirani wakampigia vigelegele.

Miezi ikapita, kigutu kikapungua, kama kipunguavyo kila kigutu kipya, na mguu wa bandia ukaanza kucheza. Kila hatua ulimchuna. Akarudi Tabata. Fransis, fundi aliyemtengenezea, akauangalia, akajikuna kichwa.

"Dada, hapa pa kuingizia kigutu lazima patengenezwe upya. Ila marekebisho hayaingii kwenye takwimu zetu. Tunapimwa kwa miguu mipya, na lengo la mwaka hatujalifikia. Vaa soksi mbili, vumilia kidogo."

Akavaa mbili, kisha tatu. Mara akapigiwa simu na msichana wa ofisi ya karakana, mpole wa sauti.

"Mguu bado unautumia, mama?"

"Nautumia, mwanangu, ila mie unaniumiza, pana kidonda..."

"Pole, mama. Hapa kwenye fomu nina ndiyo au hapana tu."

Naima akautazama mguu. Akisema hapana, huenda wakauchukua, na mbele ya karai atasimamaje?

"Ndiyo," akasema.

Kidonda kikachimba. Naye alikuwa na sukari, kikagoma kufunga. Hadi Hija anamburuta hospitali, nyama ilikuwa imeshaoza. Wakakata tena, safari hii juu ya goti.

Fransis alikuja kumwona wodini. Aliongea macho yakiwa sakafuni.

"Dada Naima, kwetu sasa unaingia kama mteja mpya. Nitahakikisha unatangulia."

"Na yule Naima wa kwanza?"

"Yule alishahesabiwa. Yuko kwa waliofanikiwa."

Hija akainuka. "Toka! Toka humu kabla sijakufanyia kitu!"

Naima akamshika kanga, akamrudisha kitini. "Mwache, Hija. Nani mwingine atanipa mguu?" Akamgeukia Fransis. "Niandike."

Kisha akavuta shuka hadi usoni, na Hija akaiona inavyotikisika.